Tezi, omo na ngama: sona ikae wapi?

Leo nimeweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumze kuhusu boti, sauti, na tundu moja ambalo nusura litobolewe.

Mambo yalianza na simu ya usiku kutoka kwa mjomba wangu, mvuvi wa pwani ya kusini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, si wewe uliyesomea tarakilishi miaka minne? Mashine yangu ya kuonea samaki imepofuka."

Mashine yenyewe ni sona ndogo ya kuvulia. Mjomba na wenzake waliinunua kwa pesa za chama, na kila mmoja bado anadaiwa. Waliifunga kwenye boti ya faiba ya futi 24. Boti ikisimama, skrini inaonyesha sakafu ya bahari vizuri. Ikianza kwenda, picha inavurugika na kujaa madoa kama runinga ya zamani iliyopoteza stesheni. Fundi aliyeifunga alikuwa hapokei simu tena. Fundi wa pili alisema dawa ni moja tu: kutoboa tundu chini ya boti ili kifaa kiyaguse maji moja kwa moja.

Mjomba hakutaka kusikia habari ya tundu. Zamani mashua yake ya mbao iliwahi kuvuja usiku akiwa mbali na nchi kavu, na yeye na mabaharia wake wawili walikesha wakifua maji kwa ndoo hadi alfajiri. Mtu wa namna hiyo humwambii atoboe boti kwa hiari yake.

Nami, kama mwanaprogramu yeyote, nilidhani tatizo ni mipangilio. Nikamwambia apunguze usikivu na awashe kichujio cha kelele. Alipiga simu kesho yake kunishukuru: skrini ilikuwa safi kabisa. Haikuonyesha samaki, haikuonyesha sakafu, haikuonyesha chochote!

Hapo nikakumbuka wahenga: mpanda ovyo hula ovyo. Ikiwa data inayoingia ni mbovu, hakuna programu itakayoitakasa. Nikafanya kile ninachofanya ninaposhindwa na programu iliyoandikwa na mtu mwingine: nikaenda kusoma historia yake. Niligundua kwamba swali la mjomba, yaani kifaa kikae wapi, limewasumbua watu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kabla ya umeme: bildi

Mabaharia wa Waswahili walipima kina kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba. Unairusha, inagusa chini, unahesabu pima. Ni kifaa kizuri na hakihitaji betri. Kasoro yake ni kwamba kinakupa jibu moja kwa kila mrusho, na hakikwambii lolote kuhusu kilichoko kati ya uso wa maji na sakafu.

Wazo la kutumia sauti badala ya kamba lilihitaji kwanza kujua sauti inakwenda kasi gani majini. Mwaka 1826, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitumia mashua mbili katika Ziwa Geneva, umbali wa zaidi ya kilomita 13. Kwenye mashua moja kengele iligongwa chini ya maji na papo hapo baruti ikawashwa ili mwanga uonekane. Kwenye nyingine, Colladon alisikiliza kwa bomba lililotumbukizwa majini na kuhesabu muda. Walipata takriban mita 1,435 kwa sekunde. Katika maji ya chumvi kasi hiyo huwa karibu mita 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi kuliko hewani.

Ukishaijua namba hiyo, hesabu iliyobaki ni ya shule ya msingi. Piga sauti, subiri mwangwi, zidisha muda kwa kasi, kisha gawanya kwa mbili kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Kwenye kina cha mita 12, mwangwi hurudi baada ya milisekunde 16. Kazi ngumu ni kuusikia mwangwi huo ukiwa ndani ya chombo kinachonguruma, kinachotikisika na kinachokokota mapovu.

Masikio ndani ya matangi

Mwaka 1901 kampuni iitwayo Submarine Signal ilianzishwa Boston, Marekani. Biashara yake ilikuwa kengele za chini ya maji. Zilifungwa karibu na minara ya taa na meli za taa ili manahodha wazisikie hata penye ukungu mzito.

Meli ilisikilizaje? Wahandisi hawakutoboa ubavu wa meli. Ndani ya meli, kuelekea omo, waliweka tangi dogo la maji kila upande, limebanwa kwenye bamba la chuma la meli. Ndani ya tangi walitumbukiza kipaza sauti. Sauti ilitoka baharini, ikapenya chuma, ikaingia kwenye maji ya tangi na kufika kwenye kipaza sauti. Nahodha alisikiliza upande wa kushoto, kisha wa kulia, na kulinganisha. Upande wenye sauti kubwa ndio ulikokuwa kengele.

Tazameni akili iliyomo katika uamuzi huo. Tangi liko mbele, mbali na mtetemo wa injini. Liko chini, mbali na mapovu ya juu. Tena meli haina tundu jipya. Haya yote waliyafikiria zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Titanic ilikuwa na vifaa hivyo. Hata hivyo ilizama Aprili 1912. Tatizo ni kwamba siwa barafu halina kengele. Kusikiliza tu hakukutosha. Ilibidi meli ipige sauti yenyewe na kusubiri jibu.

Risasi upande huu, sikio upande ule

Baada ya msiba ule, Mjerumani Alexander Behm alianza kutafuta njia ya kugundua siwa barafu kwa mwangwi. Aligundua kwamba njia yake ilifaa zaidi kupima kina, na mwaka 1913 akapewa hataza ya kipima kina cha mwangwi. Kifaa chake kilitumia mlipuko mdogo wa risasi majini. Lakini sikio likiwa karibu na mlipuko, kishindo cha kwanza hulizidi nguvu na mwangwi hausikiki. Behm alilipua upande mmoja wa meli na kusikilizia upande wa pili. Mwili wa meli wenyewe ukawa ukuta wa kuzuia kelele. Kwa hiyo mahali pa kufunga hapakuwa jambo dogo la mwisho. Palikuwa sehemu ya uvumbuzi.

Mwaka 1914, Reginald Fessenden, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi na Submarine Signal, alijaribu kifaa chake cha umeme akiwa kwenye meli Miami ya serikali ya Marekani, katika bahari ya Atlantiki kaskazini. Alipata mwangwi wa siwa barafu lililokuwa umbali wa takriban maili 2, na pia mwangwi wa sakafu ya bahari.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na adui akawa nyambizi. Nchini Ufaransa, Paul Langevin alirudi kwenye jambo ambalo ndugu Pierre na Jacques Curie waligundua mwaka 1880: baadhi ya fuwele zikiminywa hutoa umeme. Fuwele hizo pia, zikipewa umeme, hutikisika. Alibana vipande vya kwazi kati ya mabamba ya chuma, na kifaa kimoja kikawa mdomo na sikio kwa pamoja. Mwaka 1918 alipata mwangwi wa nyambizi. Hadi leo, transdusa ya mjomba inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa mahali pa kwazi pamechukuliwa na aina ya kauri.

Waingereza nao, kwenye sona yao waliyoiita ASDIC, walikumbana na balaa la mwendo. Meli ikienda kasi, maji yanayopita kwenye transdusa yanapiga kelele na kufanya mapovu. Wakaifunika kwa kuba lililojaa maji chini ya meli, na kwenye meli za kasi kuba hilo likawa la kupandishwa na kushushwa. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Malalamiko yao yalikuwa yale yale ya mjomba: tukisimama tunaona, tukienda hatuoni.

Samaki waingia kwenye picha

Kwa miaka kadhaa vipima kina vilitumika kupima kina tu. Msafara wa meli ya Kijerumani Meteor, kati ya 1925 na 1927, ulipima sakafu ya Atlantiki ya kusini makumi ya maelfu ya mara. Alama zilizotokea katikati ya maji zilionekana kuwa kasoro.

Wavuvi hawakuziona hivyo. Mwaka 1929, Mjapani Kimura alionyesha katika bwawa kwamba samaki huvuruga mwale wa sauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, nahodha Mnorwe Reinert Bokn alipata picha za mwangwi wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa, na Mwingereza Ronald Balls akaanza kutumia kipima kina kutafuta heringi kwenye meli yake Violet and Rose. Mwaka 1935 mwanasayansi Oscar Sund alichapisha picha ya mwangwi ya samaki aina ya kodi huko Lofoten, Norway (si kodi ya serikali, hiyo haihitaji sona kutupata). Picha ilionyesha samaki wamejipanga kama tabaka.

Kwa nini samaki aonekane wakati mwili wake karibu wote ni maji? Jibu ni hewa. Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea, na sauti ikitoka kwenye maji na kugonga hewa hurudi kwa nguvu. Ndiyo maana makareli wa Atlantiki, asiye na kibofu hicho, hutoa mwangwi hafifu.

Hapo ndipo taa iliponiwakia. Kama hewa kidogo ndani ya samaki inarudisha sauti kiasi hicho, mapovu yanayopita chini ya boti yanafanya nini? Yanaipiga sauti ukuta. Sona ya mjomba haikupofuka. Ilikuwa ikiona vizuri sana, lakini ilichokiona ni mapovu ya boti yake mwenyewe.

Hata Wajapani waliotengeneza biashara kutokana na kifaa hiki walianzia kwenye viputo. Kiyotaka Furuno wa Nagasaki alikuwa fundi wa umeme wa boti. Aliambiwa na mvuvi kwamba palipo na samaki wengi huonekana viputo vikipanda juu. Yeye na mdogo wake wakafanya majaribio wakianza na vipima kina vya wakati wa vita, na mwaka 1948 wakatoa kitafuta samaki cha kuuzwa kwa wavuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Carl Lowrance na wanawe nchini Marekani walitengeneza sona ndogo ya transista iliyobebeka mkononi na kutumia betri. Hapo swali la mahali likashuka kutoka kwenye meli za chuma hadi kwenye viboti kama vya kwetu.

Na meli kubwa je? Hazijamaliza tatizo. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ya Norway, iliyopima samaki wa maji ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa ni ya tatu kwa jina hilo na ilianza kazi mwaka 2017. Ina mkuku unaoshushwa chini ya meli ukiwa na transdusa, ili ziwe chini ya tabaka la mapovu. Mamilioni ya dola yametumika kuyakwepa mapovu!

Kurudi kwenye boti ya mjomba

Wikendi iliyofuata nilipanda gari hadi pwani. Nilikuta transdusa imefungwa tezini, karibu kabisa na propela, upande wa kushoto, juu kiasi kwamba boti ikinyanyuka kwa kasi inabaki kwenye povu. Isitoshe, ilikuwa na mikwaruzo, kwa sababu boti huvutwa mchangani kila siku. Nyaya zake zilikuwa zimefungwa pamoja na za injini. Kisanduku chenye skrini kilikuwa kimetazama jua la saa sita na mrusho wa maji ya chumvi.

Tuliketi chini ya mkungu tukazipima njia tatu.

Ya kwanza ni kuiacha tezini lakini kuihamisha: kulia, upande ambao visu vya propela nyingi hushuka badala ya kupanda, mbali kidogo na propela, na chini zaidi mahali maji yanapopita laini. Ni rahisi na haina tundu kubwa. Ubaya wake ni mchanga na nyavu.

Ya pili ni tundu la fundi. Kwa usikivu, hakuna inayoishinda, na meli nyingi hufanya hivyo. Lakini tundu likizibwa vibaya ni msiba, na hapo kijijini hakuna winchi wala gati la matengenezo.

Ya tatu ni ile ya matangi ya Submarine Signal: transdusa ikae ndani, ngamani, ipige sauti kupitia faiba. Hii inawezekana tu pale faiba ilipo ngumu tupu, bila povu la kujazia wala ubao katikati, kwa sababu vyote hivyo vina hewa. Mashua ya mbao isingekubali. Na hata ikikubali, sehemu ya nguvu ya sauti inapotea njiani.

Mjomba akauliza, "Tutajuaje pa kuweka bila kubahatisha?"

Hapo ndipo programu zilinisaidia, kwa maana ya tabia ya kujaribu kabla ya kukabidhi. Tulijaza maji kwenye mfuko wa plastiki, tukatia transdusa ndani, tukautoa hewa yote na kuufunga. Tukaulaza ngamani, karibu na mkuku, katika theluthi ya nyuma ya boti, sehemu ambayo haitoki majini hata boti ikikimbia. Tukaenda baharini. Mahali pa kwanza, picha hafifu: chini yake palikuwa na ubao uliofunikwa kwa faiba. Pa pili, hakuna kitu. Pa tatu, sakafu ikaonekana kama mstari wa kalamu, na mjomba alipoongeza mwendo mstari haukukatika.

Hakuridhika. Akatoa bildi ya babu yake. Tukasimama. Skrini ilisoma mita 11.6. Bildi ikasema pima 6 na nusu, yaani karibu mita 11.9. Tofauti ya sentimita 30 hivi ni kina cha transdusa yenyewe chini ya uso wa maji. Mzee akatikisa kichwa: "Basi haisemi uongo."

Tuliibandika kwa epoksi, taratibu, tukihakikisha hakuna kiputo hata kimoja kilichobaki. Skrini tukaihamishia kivulini, mbali na dira ili isiivuruge, mahali anapoiona akiwa ameshika usukani. Waya wake wa umeme tukaupeleka moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, na waya wa transdusa tukautenga na nyaya za injini. Ule uliobaki tuliukunja, hatukuukata.

Swali ambalo sikulitarajia

Tukiwa njiani kurudi, skrini ikionyesha kundi la samaki juu ya mwamba, mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, zamani samaki walikuwa na mahali pa kujificha. Sasa tukiwaona wote, atabaki nani?"

Historia inalo jibu, na si zuri. Norway, nchi ya akina Bokn na Sund, ilikuwa na heringi wengi mno. Katika miaka ya 1960 meli zilipata sona pamoja na mashine za kuvuta nyavu kubwa, na mwishoni mwa muongo huo heringi wale walikuwa karibu kuisha. Ilichukua takriban miaka 20 kabla hawajarudi kwa wingi. Nilimweleza hivyo bila kumficha. Yeye na wenzake wamekubaliana kuutumia mstari ule kwanza kukwepa miamba na kuokoa mafuta, na kuuacha mwamba mmoja wasiouvua. Kama watashika neno lao, sijui. Deni la chama lipo.

Kuna methali isemayo waendao tezi na omo hurejea ngamani. Masikio ya kwanza yaliwekwa ndani kuelekea omo, mengine yakaenda nje, mengine tezini, na kwenye boti hii moja yamerejea ngamani. Lako huenda likatua kwingine. Ila kabla hujachukua keekee, chukua mfuko wa plastiki na maji, ujaribu.